Wakulima, manamba na kadi za TANU: jinsi wananchi walivyojipanga kudai Uhuru, tukianzia Ufipa

Kila Desemba 9 inapokaribia, habari ya Uhuru husimuliwa kwa majina machache na mji mmoja. Tunasikia habari za Mwalimu Nyerere, mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, bendera ikapanda, basi. Msikilizaji wa Laela, Kirando, Matai au Mtowisa anaweza kudhani kwamba watu wa huku waliupokea Uhuru kama mvua, iliyonyesha bila wao kuhangaika.

Haikuwa hivyo. Uhuru wa Tanganyika ulipatikana bila vita, na nchi isiyopigana vita haina silaha nyingine isipokuwa wingi wa watu wake. Watu hao wengi walikuwa vijijini. Katika makala haya tunaeleza kwa lugha rahisi jinsi jamii ya wakati wa ukoloni ilivyojipanga, hatua kwa hatua, na jinsi nyanda za juu za Ufipa zilivyounganishwa na nchi nzima katika kazi hiyo.

Ufipa inaingia mikononi mwa wakoloni

Kabla ya wageni, Ufipa ilikuwa na tawala mbili kubwa, Nkansi na Lyangalile, kila moja ikiwa na Mwene wake. Watu walilima ulezi kwa matuta ya kufukia majani, yale tunayoyaita intumba, wakafuma nguo za pamba, na wakayeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo. Jembe la Mfipa lilitengenezwa na Mfipa.

Wajerumani walijenga boma lao Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, wakalipa jina la Bismarckburg. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe, walikuwa wametangulia. Mwaka 1885 walishika kituo cha Karema, na kutoka hapo misheni zikasambaa mwambao wa ziwa hadi juu uwandani.

Vita Kuu ya Kwanza ilipita hapa hapa kwetu. Waingereza walilitwaa boma la Kasanga Juni 1916. Vita yenyewe upande wa Afrika Mashariki ilimalizikia jirani, Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Hapo jenerali wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini Novemba 25, 1918. Kwa mwananchi wa kawaida vita hiyo ilikuwa ya kubeba mizigo, kunyang'anywa chakula na kuzika ndugu, ingawa ugomvi haukuwa wake.

Baada ya vita Tanganyika haikufanywa koloni la kawaida. Ilikabidhiwa Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na kuanzia 1946 ikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Shika jambo hili, maana baadaye lilikuja kuwa mlango ambao wananchi waliupitia. Ufipa ikawa wilaya katika Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake yalikuwa Tabora, na makao ya wilaya hatimaye yakawa Sumbawanga.

Manung'uniko yalitoka wapi?

Watu hawajipangi bila kuwa na kinachowauma. Huku kwetu yako mambo manne ya kuyatazama.

La kwanza ni kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa kila nyumba. Waingereza wakaendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa, kwa shilingi. Serikali haikupokea ulezi wala mbuzi milele, ilitaka fedha. Na wilaya ya Ufipa haikuwa na reli, haikuwa na kahawa kama Kilimanjaro wala pamba kama Usukuma. Fedha ingetoka wapi?

Ikatoka safarini, na hilo ndilo jambo la pili. Vijana waliondoka kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, kwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na baadaye kwenda mgodi wa risasi wa Mpanda. Waliokwenda mkonge kwa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Nyumbani walibaki wanawake, wazee na watoto, na mashamba yaliyohitaji nguvu za vijana.

La tatu ni utawala. Gavana Donald Cameron aliyeanza kazi mwaka 1925 alileta mfumo wa kutawala kupitia machifu, na sheria yake ikapitishwa mwaka 1926. Mwene akawa mtu wa serikali. Alilipwa mshahara, alisimamia baraza, na alihakikisha kodi inakusanywa. Mfumo huo uliwaweka watemi mahali pagumu. Walipaswa kuwa wazee wa watu wao na wakati huohuo mkono wa Bwana Shauri. Wako waliolinda watu wao kimyakimya, na wako waliosahau wametoka wapi.

La nne ni heshima. Nguo na majembe ya madukani yaliua ufundi wa wafumaji na wafua chuma wetu. Mshahara ulipangwa kwa rangi, na hospitali na shule zilitengwa kwa rangi. Mzee wa miaka 60 aliitwa "boy". Kodi inaweza kusahaulika. Jina hilo halikusahaulika.

Kupinga kabla ya vyama

Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliwaka kusini na mashariki mwa nchi, havikufika Ufipa. Lakini somo lake lilifika kila mahali, kwamba bunduki ya mkoloni haizimwi kwa maji, na njaa ya baada ya vita huua wengi kuliko risasi. Viongozi waliokuja kudai Uhuru miaka hamsini baadaye walilijua somo hilo vizuri.

Huku kwetu upinzani wa mwanzo ulivaa nguo za dini. Baada ya Vita Kuu, mafundisho ya Watch Tower, ambayo wengi waliyaita Kitawala, yalivuka mpaka kutoka Rhodesia ya Kaskazini na kuingia vijiji vya kusini mwa Ufipa. Wahubiri Waafrika walifundisha kwamba utawala wa dunia hii unakaribia kwisha. Serikali ya upande wa pili iliwakamata wahubiri wengi wa wilaya ya Abercorn. Haikuwa siasa ya chama, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wengi kusikia Mwafrika mwenzao akisimama hadharani na kusema kwamba mzungu si wa milele.

Vyama vya kwanza

Mwaka 1929 watumishi na wafanyabiashara wa Dar es Salaam walianzisha Chama cha Waafrika. Mwaka 1948 kikawa Chama cha Waafrika wa Tanganyika, kwa kifupi TAA. Kilikuwa chama cha makarani, waalimu na wenye maduka. Kilijadili mishahara, shule na ubaguzi, kikaandika barua serikalini, kikasubiri majibu.

Nje ya TAA, watu walikuwa wanajifunza kujipanga kwa njia nyingine.

Wakulima walijifunza kupitia ushirika. Wachaga walikuwa na chama chao cha kahawa tangu 1925, kikafuatiwa na muungano wa KNCU mwaka 1933. Kanda ya Ziwa, Paul Bomani aliongoza wakulima wa pamba, na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa kimoja kikubwa.

Wafanyakazi walijifunza kupitia migomo. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1947, na safari hiyo mgomo ukasambaa hadi kwa wafanyakazi wengine bara. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliunda shirikisho lao, TFL, katibu wake akiwa Rashidi Kawawa.

Wanajeshi walijifunza ng'ambo. Zaidi ya Watanganyika 80,000 walipelekwa katika Vita Kuu ya Pili, wengine hadi Burma. Waliona mzungu akiogopa, akijeruhiwa na kufa kama mtu mwingine yeyote. Waliona pia India ikipata uhuru mwaka 1947. Waliporudi vijijini hawakuwa tena wale waliokuwa wameondoka.

Na wenye ardhi walijifunza kutoka kwa Wameru. Mwaka 1951 serikali iliwahamisha kwa nguvu wananchi wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi ardhi hiyo. Wameru walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Hawakurudishiwa ardhi wakati ule. Lakini nchi nzima iligundua kwamba mlango upo, na kwamba mkulima anaweza kuubisha.

TANU yazaliwa

Aprili 1953 mwalimu mmoja wa Pugu, Julius Nyerere, alichaguliwa kuwa rais wa TAA. Watu wa Jimbo la Magharibi walikuwa wakimjua tangu zamani. Alifundisha shule ya St. Mary's ya Mapadre Weupe huko Tabora kabla ya kwenda kusoma Edinburgh mwaka 1949, na alikuwa mtu wa TAA hapo hapo Tabora.

Julai 7, 1954, wajumbe 17 walikutana Dar es Salaam na kuigeuza TAA kuwa TANU, chama cha siasa chenye shabaha moja, nchi kujitawala. Kati ya hao 17 alikuwemo Germano Pacha wa Jimbo la Magharibi, jimbo letu la wakati ule.

Serikali ilikuwa imekwisha kuweka vizuizi. Tangu 1953 watumishi wa serikali walikatazwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Sheria ya vyama ya 1954 ililazimisha kila tawi kuandikishwa, na serikali iliweza kukataa. Matokeo yake hayakuwa yale serikali iliyotaka. Makarani walipofungiwa mlango, chama kikahamia kwa watu ambao serikali haikuwa na mshahara wa kuwanyima: wakulima, wauza samaki, mafundi cherehani, wauza pombe, madereva wa malori, wenye hoteli za chai.

Chama kilifanyaje kazi vijijini?

Fikiria nchi yenye watu karibu milioni 9, barabara chache, simu karibu hakuna, na wengi hawajui kusoma. Ungeanzia wapi kuwaunganisha?

TANU ilianzia kwenye kadi. Mwanachama alilipa kiingilio na ada, akapewa kadi yenye jina lake. Kwa mtu ambaye karatasi pekee aliyowahi kupewa ilikuwa stakabadhi ya kodi, kadi ile ilikuwa kitu kikubwa. Aliilipia kwa hiari yake, na ilimtaja kama mtu mwenye nchi. Fedha za kadi ndizo zilizolipa nauli, kodi za ofisi na posho za makatibu. Chama hakikuwa na mfadhili mkubwa, wafadhili wake walikuwa wanachama.

Cha pili kilikuwa tawi. Palipokuwa na watu wa kutosha, walichagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Tawi lilikutana, likasoma barua kutoka makao makuu, likajibu. Watu waliosikia siku zote "serikali imesema" wakaanza kusikia "mkutano umeamua".

Cha tatu kilikuwa Kiswahili. Mfipa, Msukuma, Mmakonde na Mchaga walisikilizana bila mkalimani. Hotuba iliyotolewa Dar es Salaam ilirudiwa Tabora, ikarudiwa Mpanda, ikarudiwa Sumbawanga, kwa lugha ileile. Nchi nyingi za Afrika hazikuwa na bahati hii.

Magazeti yalisaidia pia. Mwafrika lilianza mwaka 1957, na chama kilikuwa na jarida lake, Sauti ya TANU. Mmoja akisoma, kumi wakasikiliza. Redio ilikuwepo, kwani kituo cha Dar es Salaam kilianza kutangaza mwaka 1951, ila kilikuwa cha serikali, na chama kilichodai Uhuru hakikupewa kipaza sauti. Kwa hiyo redio ya TANU ilikuwa mdomo wa mtu.

Habari zilifikaje Ufipa?

Ukiutazama uwanda wetu kwenye ramani utaona umejifungia, ziwa upande mmoja, bonde la Rukwa na ukingo wa Lyamba lya Mfipa upande mwingine. Lakini kulikuwa na njia.

Njia ya kwanza ilikuwa meli. Liemba, ambayo ilikuwa meli ya vita ya Wajerumani ikazamishwa mwaka 1916 na kuibuliwa, ilirudi kazini mwaka 1927. Ilipita Kigoma, Kipili na Kasanga ikiwa imebeba magunia, samaki, wasafiri na maneno. Kigoma iliungana na reli ya kati, na reli ya kati iliungana na Tabora na Dar es Salaam. Mwaka 1950 reli ilifika pia Mpanda, mlango wetu wa kaskazini.

Njia ya pili ilikuwa manamba wenyewe. Mtu aliyekaa miaka miwili Tanga au Morogoro alifanya kazi bega kwa bega na watu wa makabila mengi, akaona mgomo, akasikia mkutano wa hadhara. Ile kodi iliyowatoa vijana nyumbani ndiyo iliyowarudisha wakiwa na macho mapya. Serikali haikupanga hivyo.

Njia ya tatu ilikuwa shule za misheni. Waliofundishwa kusoma Katekisimu waliweza pia kusoma gazeti na kuandika barua ya tawi. Na kanisa lenyewe lilikuwa likibadilika mbele ya macho ya waumini. Mwaka 1958 Charles Msakila, Mwafrika, alifanywa Askofu wa Karema. Watu wakajiuliza: ikiwa Mwafrika anaweza kuongoza jimbo la kanisa, kwa nini asiongoze wilaya?

Njia ya nne ilikuwa mpaka. Mwaka 1953 Waingereza waliunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland kuwa shirikisho lililotawaliwa na walowezi. Shirikisho hilo lilianzia ng'ambo ya mto Kalambo tu. Wafipa, Walungu na Wamambwe wenye ndugu pande zote mbili hawakuhitaji mhubiri wa siasa kuwaeleza utawala wa walowezi ukoje. Walikwenda arusini Abercorn wakauona, wakarudi.

Wanawake walisimama wapi?

Wakoloni walipohesabu watu wa siasa, wanawake hawakuwahesabu. Hilo lilikuwa kosa kubwa kwao.

Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa Dar es Salaam, alipewa kazi ya kuongoza sehemu ya wanawake ya TANU mwaka 1955. Hakuanza na barua. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma, kwa wauza pombe na kwa wauza vitumbua, mahali ambapo wanawake walikuwa tayari wamejipanga wenyewe, wana viongozi wao na mifuko yao ya kusaidiana. Katika miezi michache aliandikisha wanawake wapatao 5,000. Baadaye alizunguka na Nyerere mikoani.

Wanawake walikuwa na sababu zao. Ndio waliobaki na jembe wanaume walipokwenda mkonge. Ndio waliojua mtoto anayekufa kwa kukosa zahanati. Na kwa kuwa wengi hawakuajiriwa na serikali, hakuna mwajiri aliyeweza kuwatisha kwa kuwafukuza kazi. Walipika na kulaza wageni wa chama, walificha kadi, walichanga senti.

Serikali ilijibuje?

Gavana Edward Twining hakutaka chama cha Waafrika peke yao. Mwaka 1956 kilianzishwa chama cha UTP kilichosema kinawakilisha rangi zote, kikiungwa mkono na serikali. Wananchi wachache sana wakakifuata. Mwaka 1957 Twining akawakusanya machifu katika baraza lao la nchi nzima, akitumaini wangekuwa ngome dhidi ya TANU. Machifu wengi walipima upepo, wakakataa kuwa ngome.

TANU ilifungiwa katika sehemu mbalimbali, hasa Kanda ya Ziwa, ambako chama kilikuwa marufuku kwa miaka kadhaa. Na mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa kwa makala ya Sauti ya TANU iliyowashutumu wakuu wawili wa wilaya. Alitozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa.

Wakati huohuo wakulima walikuwa wakigomea amri za kilimo na mifugo. Uluguru walikataa kulazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 mtu mmoja aliuawa kwenye ghasia za Matombo. Geita, mwaka 1958, watu waliandamana hadi Mwanza kupinga mabaraza waliyowekewa. TANU haikuanzisha migogoro hii yote, ila iliipa lugha moja. Iliwaambia watu kwamba tatizo la mtaro wako na la ng'ombe wake na la kodi ya yule ni tatizo moja, nalo ni kutawaliwa.

Wakati wote chama kilisisitiza jambo moja, kutomwaga damu. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari tangu 1952, na kila mtu aliona gharama yake. TANU ilijua kwamba mapigano yangeipa serikali sababu ya kuifuta, na kwamba Umoja wa Mataifa ulikuwa ukitazama. Ujumbe wa Umoja huo uliozuru mwaka 1954 ulipendekeza nchi ijitawale katika miaka 20 hadi 25. Serikali ikaona ni mapema mno. Machi 1955 wananchi walichanga nauli, Nyerere akaenda New York kuzungumza. Aliporudi aliacha kazi ya ualimu na kuwa mtu wa chama moja kwa moja.

Kura tatu, kisha kura moja

Serikali ilipokubali uchaguzi, iliweka mtego. Kila mpiga kura alitakiwa kupiga kura tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia na moja kwa Mzungu, kana kwamba idadi yao ilikuwa sawa. Na ili uandikishwe ulihitaji kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Walioandikishwa nchi nzima walikuwa kama 60,000 tu. Linganisha na ile faini ya Nyerere, shilingi 3,000. Kiasi alichotozwa kwa makala moja ndicho kiasi ambacho mkulima alipaswa kukipata kwa mwaka ili aruhusiwe kupiga kura. Kwa mlima ulezi wa Ufipa huo ulikuwa mlango uliofungwa.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora. Wengi walitaka kususia. Nyerere aliomba washiriki, akieleza kwamba ukisusia unamwachia mpinzani uwanja. Mkutano ulikubali, na uamuzi huo ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka na kuanzisha chama chake. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Wagombea wa TANU na wale Wazungu na Waasia iliowaunga mkono walishinda.

Gavana mpya, Richard Turnbull, aliona hesabu. Masharti ya kura yakalegezwa, ikatosha kujua kusoma Kiswahili au Kiingereza, au kuwa na kipato cha shilingi 1,500 kwa mwaka. Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja tu, cha Mbulu, kilikwenda kwa mgombea binafsi. Maana yake ni kwamba Ufipa nayo, pamoja na umbali wake wote, ilisimama upande wa TANU. Kufikia wakati huo chama kilihesabu wanachama wapatao milioni moja.

Tarehe za kukumbuka

- 1929: Chama cha Waafrika chaanzishwa Dar es Salaam.
- 1946: Tanganyika yawekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa.
- Julai 7, 1954: TANU yazaliwa.
- Machi 1955: Nyerere azungumza Umoja wa Mataifa.
- Januari 1958: Uamuzi wa Busara, Tabora.
- 1958 na 1959: uchaguzi wa kura tatu.
- Agosti 1960: TANU yapata viti 70 kati ya 71.
- Mei 1, 1961: Tanganyika yapata madaraka ya ndani.
- Desemba 9, 1961: Uhuru.
- Desemba 9, 1962: Tanganyika yawa Jamhuri.
- 1963: utawala wa machifu waondolewa kisheria.
- 1974: Mkoa wa Rukwa waanzishwa.

Nini kilibadilika, na nini hakikubadilika haraka?

Baada ya Uhuru utawala wa machifu ulifutwa, na Ufipa haikuwa tena na Mwene anayekusanya kodi kwa niaba ya boma. Kura ikawa ya kila mtu mzima. Lakini reli haikufika Sumbawanga, vijana waliendelea kusafiri kutafuta fedha, na barabara ya kuelekea Tunduma ilibaki mtihani wa kila masika kwa miaka mingi. Kujitawala kulitupa haki ya kuuliza kwa nini. Majibu yalihitaji kazi nyingine, na kazi hiyo bado inaendelea.

Tunayaandika haya sasa kwa sababu muda unakwisha. Mtu aliyekuwa na miaka 20 siku bendera ilipopanda amevuka miaka 80. Majina ya mtaa wa Lumumba yamo vitabuni. Majina ya aliyekuwa katibu wa tawi kijijini kwenu, ya mama aliyelaza wageni wa chama, ya manamba aliyerudi na gazeti ndani ya blanketi, yamo kichwani mwa bibi na babu tu. Wakiondoka, yanaondoka nao.

Simu uliyonayo mkononi inaweza kurekodi sauti. Kaa na mzee, mwamkie, mwombe ruhusa, kisha muulize taratibu:

- Kodi ililipwaje hapa, na asiyekuwa nayo alifanywa nini?
- Nani wa ukoo wetu alikwenda mkonge, Lupa au migodi ya shaba, na alirudi na habari gani?
- Kadi ya TANU ya kwanza uliiona kwa nani?
- Mwene na wazee wa baraza walisemaje kuhusu chama?
- Wanawake wa kijiji walifanya nini?
- Siku ya Uhuru ulikuwa wapi, na mlikula nini?

Usimkatize, wala usimsahihishe tarehe. Mwishoni taja jina lake, kijiji, na siku mliyozungumza, kisha hifadhi nakala mahali pawili. Kama ana kadi ya zamani au picha, ipige picha na umwachie ya kwake. Fanya hivyo wiki hii kama unaweza, kabla msimu wa kulima haujawatawanya.